Nyumba Inayotunza Tovuti

Jumamosi ya tarehe 21 Oktoba 2023, saa nne na robo asubuhi, upepo mkavu ulikuwa ukisomba vumbi jekundu la Makole, Dodoma, na kulimwaga juu ya mabati, na mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, bila wingu hata la kuazima, pale Hashimu Abubakari alipogonga lango la Ernest Bartolomayo. Aligonga kama viranja walivyogonga milango ya mabweni: mara tatu, kwa kifundo cha kidole, bila haraka. Ernest alikuwa akipiga pasi suruali yake mwenyewe, kama alivyozoea kila Jumamosi, naye alimtambua mgeni kwa ugongaji ule kabla hajamwona.

"Shikamoo, Kaka Mkuu."

"Marahaba, Bartolomayo. Bado unasimama kama uko gwaride."

"Aliyenifundisha ndiye anayenicheka."

Wakashikana mikono kwa muda mrefu, kama wanavyoshikana watu waliokula ugali wa shule moja. Hashimu alikuwa mtu wa Kondoa, mrefu, kanzu yake safi, ndevu zake zimeanza kuchanganya mvi. Ernest alipoingia kidato cha kwanza katika shule ile ya bweni, Hashimu alikuwa kidato cha tano. Mwaka uliofuata akawa kaka mkuu wa shule, na kwa waliokuwa wadogo wakati ule cheo hicho hakikumtoka hata alipoota kitambi. Siku hizi alikuwa na kiwanda cha kukamua juisi ya zabibu, na magari yake yalikuwa yakizunguka vijiji vyote vinavyolima zao hilo.

"Karibu sebuleni, kaka."

"Huko huko sebuleni ndiko nilikokuja," akasema Hashimu, na kwa jinsi alivyolisema neno hilo Ernest alihisi kitu kimemkaa kifuani kama kokoto ndani ya kiatu.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba vinne, na kimoja hakikulala mtu. Humo, juu ya meza ya chuma, ilikaa seva: kompyuta nyeusi isiyo na kioo, iliyovuma mchana na usiku kama nyuki ndani ya mzinga. Watu wengi hudhani tovuti hukaa angani. Tovuti haikai angani. Hukaa ndani ya kompyuta ya mtu, katika jengo la mtu, na mtu huyo akizima, ulimwengu mzima hauioni. Zamani tovuti ya wahitimu wa shule yao ilitunzwa na kampuni moja ya ughaibuni. Malipo yalipokwama kwa sababu ya kadi ya benki, kampuni ikaifuta pamoja na picha zote za wenzao waliokwisha kufa, na hakukuwa na mtu wa kumwendea wala mlango wa kuugonga. Ernest akaapa kwamba jambo hilo halitarudiwa. Akaacha kazi ya ofisini, akavuta mkongo wa intaneti hadi chumbani, akaanza kuwatunzia watu tovuti zao nyumbani kwake: wahitimu wa shule, kwaya ya parokia, na Umoja wa Wakulima wa Zabibu wa Hombolo.

Katika mkutano mkuu wa wahitimu alisimama akasema maneno yaliyopigiwa makofi: "Anayetaka kuigusa tovuti niliyokabidhiwa, sharti kwanza apite sebuleni kwangu." Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Hashimu.

Lile ambalo Ernest hakulisema jukwaani ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa hatoki tena sebuleni humo. Umeme ulipokatika, ilibidi awepo wa kuwasha jenereta kabla betri hazijaisha. Joto lilipozidi, ilibidi awepo wa kugeuza feni. Alipomzika mama yake kule Mvumi alirudi mjini jioni ile ile, kabla matanga hayajakaa vizuri, na wazee wa ukoo wakamsindikiza kwa macho bila kusema neno. Kwa kuhofia wezi alizungusha ukuta mrefu nyuma ya nyumba, akapanda vipande vya chupa juu yake, akaziba hata ule upenyo wa ubavuni uliotoka mbele kwenda uani, kiasi kwamba njia pekee ya kufika kwenye jenereta ikawa korido ya ndani na mlango wa nondo. Mkewe, Anitha, aliiita seva "mke mwenzangu", na kila asubuhi aliuliza: "Bibi mdogo ameamkaje?" Zamani swali hilo liliwachekesha wote wawili.

Anitha alileta maji ya kunywa, akapiga goti kidogo kumsalimu shemeji. Hashimu akaipokea bilauri kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka mezani, kisha akaifunika kwa kiganja cha mkono wa kulia. Mke na mume wakatazamana.

Kwa kina Ernest, mtu mzima aliyekuja na shauri zito haonji tone wala tonge mpaka ajibiwe, na mwenyeji naye hali kabla ya mgeni wake. Hashimu, ingawa alikuwa Mrangi, mtu wa kabila lingine, aliijua desturi hiyo kutoka kwa mzee Bartolomayo mwenyewe, baba yake Ernest, aliyemkaribisha Mvumi likizo moja ya zamani kwa sababu ambayo hakuna aliyeitaja kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Sema, kaka," alisema Ernest, na sauti yake ikawa rasmi kama ya mtu anayesoma muhtasari wa kikao.

"Kuna ukurasa wa watu wa Hombolo."

"Naujua."

"Umeusoma?"

"Mimi ndiye niliyewapandishia. Kabla ya kuupandisha niliusoma mara mbili."

Ukurasa wenyewe haukuwa na matusi. Ulikuwa na picha za kreti za zabibu kando ya barabara, zabibu zimevunda, nyuki wamezijaa. Na video ambamo mkulima mmoja, Mama Loisi, alieleza kwa utulivu wa kutisha kwamba kampuni ya Hashimu iliwaambia wakate Jumanne, wakakata, na gari likaja wiki iliyofuata. Zabibu ikishakatwa haisubiri mtu. Walizimwaga mbuzi wakala. Chini kulikuwa na majina ya wakulima wote wa umoja huo, na neno moja kwa vijiji vingine: ulizeni kabla ya kukata.

"Gari liliharibika," alisema Hashimu. "Injini ilikufa Kibaigwa. Nikatafuta la kukodi, sikupata. Msimu ule kila mwenye gari alikuwa na mzigo. Sikuwaibia, Ernest. Nilishindwa. Kushindwa na kuiba ni mambo mawili."

"Ni kweli."

"Leo saa kumi wakulima wa Mpunguzi wanakutana. Wakikubali kuniuzia, Jumatatu nina karatasi ya kuonyesha benki. Wakikataa, nafunga kiwanda. Na hao wa Hombolo wamemtuma yule mama aende akawaambie wafungue ukurasa kwenye simu zao, palepale mkutanoni. Video ya kutumiana watu watasema ya kutengeneza. Lakini tovuti ya umoja, yenye majina ya watu wazima, nani ataibishia?"

"Unataka nini, kaka?"

"Izime. Mpaka jioni tu. Mtu akiuliza, sema umeme. Hapa Dodoma nani atashangaa kusikia umeme ulikatika?"

Ernest aliinuka, akaenda dirishani. Nje ya nondo za dirisha vumbi lilikuwa likizunguka katikati ya uwanja mdogo, likapanda, likaanguka.

"Andika maelezo yako, kaka. Ya gari, ya Kibaigwa, yote. Nitawapigia watu wa Hombolo sasa hivi kuwaomba wayaweke kando ya ya kwao. Ni watu wa haki, watakubali."

"Mwenye kujieleza ameshahukumiwa. Hukufundishwa hilo paredi?"

"Nilifundishwa kwamba kitu cha mwenzako hakitiwi mkono."

"Ulifundishwa na nani?"

"Na wewe."

Hashimu akatabasamu, lakini kiganja chake hakikutoka juu ya bilauri. "Basi kwa vile tumeanza kukumbushana," alisema polepole, "sikupenda kulitaja hili. Mungu ni shahidi, sijawahi kulitaja. Lakini una damu yangu mwilini, Bartolomayo."

Neno likawa limesemwa. Ernest alikuwa kidato cha pili malaria ilipommaliza damu, na mwalimu wa zamu akampeleka hospitali ya misheni Mvumi akiwa hajitambui, na Hashimu akapanda nao nyuma ya pikapu ili amshikilie kichwa. Mzee Bartolomayo alikuwa mbali, machungani na ng'ombe wake. Walioulizwa kama wanaweza kutoa damu walitazama chini. Hashimu alikunja mkono wa shati. Baadaye mzee Bartolomayo alimwita, akamchinjia mbuzi, akasema mbele ya ukoo mzima kwamba kijana huyu akija siku yoyote kuomba chochote, asirudi mikono mitupu. Mzee alikuwa amekwisha kufa. Neno lake halikufa naye.

"Dawa ya deni ni kulipa," alisema Hashimu. "Nami sikuombi damu. Nakuomba kidole kimoja kwenye swichi."

 Ernest alikuwa mtu aliyezoea kujibu papo hapo. Kigugumizi alikihesabu kuwa uvivu wa akili.  Sasa aliomba ruhusa, akaenda jikoni.

Jiko lilikuwa upande wa mbele, nalo lilinukia kuku. Anitha alikuwa amemkimbiza jogoo mwenyewe, akampelekea jirani yao Msafiri amchinje, maana Msafiri ni Mwislamu na mgeni asingekula kuku wa kisu cha nyumba hii. Kulikuwa na ugali wa mtama na mlenda uliokaushwa na dada zake Ernest kule Mvumi.

"Amekunywa?"

"Hajanywa."

"Na hatakula?"

"Mpaka nimjibu."

"Basi na wewe huli, na mimi siwezi kula mbele ya njaa yenu. Nyumba nzima imefungwa kwa bilauri moja." Akafunika sufuria kwa nguvu. "Anataka nini?"

Akamwambia. Anitha alisikiliza akiwa amekishika kifuniko cha sufuria, hajui akiweke wapi.

"Baba Silvano," akasema mwishowe, "mimi zabibu sizijui. Ila najua hesabu hii: bila damu ya yule mtu, mimi nisingekuwa na mume, na Silvano asingezaliwa."

"Ungeolewa na mwingine."

"Labda anayesafiri." Hakucheka, na Ernest hakucheka. "Nenda. Usimwache mgeni peke yake, atadhani tunamsengenya."

"Si tunamsengenya?"

"Nenda!"

Walikaa sebuleni, mgeni na mwenyeji. Walizungumza habari za wenzao wa shule: nani amestaafu, nani amepata kiharusi, nani ameoa tena na kujifanya hakuoa. Walicheka panapochekwa. Saa sita na nusu Hashimu aliswali adhuhuri pale pale, akarudi kwenye kiti, akakiweka tena kiganja juu ya bilauri. Mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Kuku alipoa, Anitha akampasha moto, akapoa tena. Mara mbili Ernest alifungua kinywa kusema hapana, na mara zote mbili aliliona shati lile la shule lililokunjwa mkono, akafunga.

Mnamo saa nane feni ya sebuleni ilipunguza mwendo, ikazunguka mara chache kwa uvivu, ikasimama.

Umeme ulikuwa umekatika.

Kutoka chumbani ukasikika mlio mwembamba wa betri zikichukua kazi: tii, kisha kimya, kisha tii. Siku nyingine zote mlio huo ulimnyanyua Ernest kama kengele ya kuamkia. Hata katikati ya sala alikuwa ameshika njia ya korido kabla hajasema amina. Leo aliusikia akakaa.

Hashimu naye aliusikia. "Ni nini hicho?"

"Betri."

"Zitadumu?"

"Mpaka karibu saa kumi. Zimechoka."

Mgeni aliinua macho darini, kisha akayashusha taratibu. "Basi Mungu ametuhurumia sote wawili," alisema kwa sauti ndogo. "Hata kidole sikuombi tena. Kaa tu. Ukikaa tu, umelipa. Na wala hutasema uongo: umeme si umekatika?"

Hapo ndipo Ernest alipojua kwamba kufungwa kuna ngazi. Asubuhi alikuwa amefungwa na mtu. Sasa alifungwa na kiti. Alikuwa haombwi kutenda neno lolote baya, bali kutotenda. Nani angemhukumu kwa kutotenda? Aliwaza kwamba angekuwa mtu aliyelipa deni la baba yake, kisha angekula kuku na rafiki yake wa damu, na jioni angewasha mashine, na kesho angeenda kanisani amevaa suti. Alikaa. Mlio ulikuja na kwenda. Anitha alichungulia mlangoni.

"Baba Silvano, hujawasha?"

"Nitawasha."

Anitha alimtazama mumewe, akamtazama mgeni, akarudi jikoni. Robo saa ikapita, ikapita nyingine. Milio ya betri ilianza kukaribiana.

Saa tisa na nusu simu yake iliita mfukoni. Alipoona jina, alitamani isingekuwa na chaji.

"Shikamoo, Mama Loisi."

"Marahaba mwanangu, hujambo?" Sauti ya mama yule ilikuwa kubwa, ya mtu anayeamini kwamba umbali hushindwa kwa kupaza. Hashimu aliisikia yote. "Niko huku Mpunguzi, nimefika mapema, nimekaa kivulini na wenzangu. Kuna kijana ameufungua ukurasa, nimejiona! Nimekonda, kumbe!"

"Hujakonda, mama."

"Nimekonda, usinidanganye. Sasa mwanangu, huku umeme hakuna. Huko kwenu upo?"

Ernest alilitazama zulia. "Huku pia umekatika, mama."

"Ehee. Sasa ule ukurasa utakuwepo hiyo saa kumi? Watu wengi bado wako njiani."

Hakujibu upesi, na mama yule, kwa wema wake, akaijaza nafasi ile mwenyewe.

"Basi, usijisumbue sana. Kama ni umeme, ni umeme, hiyo ni kazi ya Mungu, hakuna wa kukulaumu. Tutawaambia kwa mdomo. Wakiamini, wakikataa, shauri yao. Wewe tumekuamini siku zote. Haya mwanangu, salamu kwa mama watoto."

Simu ikakatika. Hashimu alisema, "Umesikia mwenyewe. Amekusamehe kabla hujakosa." Kisha akaitazama saa yake, akainuka, akaenda kutawadha. "Alasiri imeingia. Sebule hii joto. Nitaswali pale koridoni penye baridi."

Ernest alibaki na simu mkononi. Alikuwa ameshasamehewa, na msamaha ule ulimwelemea kuliko ombi la mgeni. Yule mama hakumuuliza kama ana mafuta ya jenereta, hakumuuliza yuko na nani, hakuuliza lolote. Alikuwa tayari kuamini chochote atakachoambiwa, kama mtu anavyomwamini aliyempa ufunguo wa nyumba yake akasafiri. Ernest alitazama mikono yake. Ilikuwa imelala mapajani, misafi, haina kazi. Akasimama.

Alipofika mwanzo wa korido alisita. Hashimu alikuwa ametandika msala katikati ya njia nyembamba ile, ameelekea kibla, na kibla kwa Dodoma ni kaskazini, na kaskazini ndiko uliko mlango wa nondo wa kwenda uani. Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye msumari, mbele ya paji lake la uso. Mtu anayeswali hapitwi mbele. Ernest alilijua hilo kama alivyojua kuchomekea shati. Miaka yake yote ya bweni alilala chumba kimoja na vijana wa Kiislamu, nao walimheshimu wakati wa sala zake za novena naye akawaheshimu wakati wa swala. Hakuwahi kuivuka heshima hiyo, na hakukusudia kuivuka leo.

Akangoja. Hashimu alirukuu, akasujudu, akakaa, akatoa salamu kulia na kushoto. Ernest alivuta pumzi. Lakini mgeni hakuinuka. Alitoa tasbihi mfukoni, akaanza kuvuta punje moja moja, midomo ikicheza, kisha akasimama tena kama anayelipa swala iliyompita. Wapo waswalio kwa kumtafuta Mungu, na wapo waswalio kwa kumkwepa mwanadamu. Ernest hakujua huyu ni yupi, na hakujipa haki ya kuhukumu. Chumbani mlio wa betri ulikuwa sasa haupumziki.

Anitha alikuja akasimama nyuma yake. Naye aliona.

"Utafanyaje?" alinong'ona.

"Kwa Msafiri kuna ngazi?"

"Ngazi?" Anitha aliitazama ile suruali iliyopigwa pasi, yenye mikunjo ya kukata karatasi. "Wewe? Ukutani? Na chupa zako?"

"Nipe gunia."

Alitoka kwa lango la mbele, mwanaume wa makamo mwenye viatu vilivyong'aa, gunia tupu la mahindi begani. Msafiri alikuwa amekaa barazani kwake akichambua mchele.

"Mzee mwenzangu, kuku wangu ameliwa?"

"Bado. Naomba ngazi, jirani."

"Ngazi ya nini saa hizi?"

"Ya kuingilia nyumbani kwangu."

Msafiri alimtazama, akasahau mchele. "Mama Silvano amekufukuza?"

"Jirani, naomba ngazi."

Ngazi ilikuwa fupi. Ernest alipanda mpaka kipandio cha mwisho, akatandaza gunia juu ya vipande vya chupa alivyovipanda mwenyewe kwa saruji, akiwa amejisifu siku ile kwamba hakuna kiumbe kitakachopita hapo. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na ndoo walisimama. Mmoja alisema, si kwa kunong'ona, "Huyu si ndiye yule wa sala ya kwanza ya Jumapili?" Alirusha mguu. Kitambaa kilichanika kwa mlio mrefu, toka goti mpaka pajani. Akaning'inia kwa mikono, akaachia, akaangukia uani kwake kwa magoti.

Jenereta ilikuwa chini ya kibanda cha bati. Alifungua mafuta, akavuta kamba. Ikakohoa. Akavuta tena, na tena, jasho likimtiririkia machoni, na alipokuwa anaamini kwamba amechelewa, injini ilishika na kunguruma. Akapachika waya wa seva, ule mlio wa chumbani ukakatika ghafla, naye akagusa ukuta kwa kiganja, kama anayesikiliza mapigo ya mgonjwa. Kupitia dirisha dogo aliona taa za kijani zikimeta. Hazikuwa zimezimika hata mara moja.

Alipogeuka, Hashimu alikuwa amesimama ndani ya mlango wa nondo. Msala ulikuwa umekunjwa kwapani. Walitazamana kupitia vyuma, mmoja koridoni, mmoja uani. Kufuli lilikuwa upande wa ndani.

"Umeruka ukuta," alisema Hashimu. Alilazimika kupaza sauti juu ya injini.

"Ulikuwa unaswali."

"Ungeweza kuniambia nisogee."

"Mtu anayeswali hasemeshwi, kaka."

Hashimu aliitazama ile suruali iliyochanika, na kwa muda mfupi uso wake ukawa wa kaka mkuu aliyemwona kijana wake amefanya gwaride bila kosa. Kisha muda ule ukapita. Alionekana mzee. Alionekana mtu mwenye njaa.

"Mkutano unaanza," alisema. "Wataufungua."

"Wataufungua."

"Unajua unachonifanyia?"

"Najua. Sijafurahi."

"Mzee wako alisema mbele ya watu nisirudi mikono mitupu."

"Alisema. Nilikuwepo." Ernest alisogea karibu na nondo, akazishika. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa oili. "Deni ninalo, sikatai. Ukilala hospitali ukakosa damu, nipigie, nitakuja usiku au mchana, na mashine zote hizi zizimike zikitaka. Ukitaka shamba langu la Mvumi ulipe benki, nitakuandikia leo. Hivyo ni vyangu. Ukurasa ule ni wa Mama Loisi na wenzake. Baba yangu hakuahidi mali ya watu."

"Sikutaka shamba."

"Najua hukutaka."

Hashimu alinyoosha mkono akautoa ufunguo msumarini. Aliupima kiganjani. Nyuma yake, mwisho wa korido, Anitha alikuwa amesimama na sahani ya kuku aliyepashwa moto kwa mara ya tatu, hajui aendelee au arudi.

"Nimekaa na njaa tangu asubuhi kwa ajili ya neno moja," alisema mgeni, "na neno lenyewe bado hujalitamka. Umeruka ukuta, umewasha mashine, umenihubiria. Sitaki kwenda kuwaambia watu kwamba nilikisia. Deni la damu yangu: unalipa, hulipi?"

"Kwa hili silipi, kaka."

Hashimu aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea risiti. Akaurudisha ufunguo kwenye msumari wake, akampita Anitha na ile sahani kwa kuinama kidogo kwa adabu, akavaa viatu vyake mlangoni, na lango la mbele likasikika likifungwa.